Mkeka wa Mabao

Hata leo nikipita mahali panapochemshwa ukindu wa kusukia mikeka kwa rangi, ule mvuke wake unaokwaruza koo hunirudisha uani kwetu Msambweni. Nilikuwa binti mdogo, nchi ndiyo kwanza imepata uhuru, na kila mtu alikuwa na maoni yake juu ya rangi.

Mama na majirani walikuwa wakisuka mkeka wa harusi ya kaka yangu Kassim. Kila mwanamke alisuka utepe wake, mwishowe tepe zote zishonwe pamoja. Huyu alitaka nyekundu tupu, yule alitaka rangi zote za bendera, mpaka wakaanza kununiana. Bibi akachoka na kelele.

"Mpira wa kila Jumapili ndio utakaoamua," alisema. "Tukifunga bao, mstari mwekundu. Tukifungwa, mweusi. Tusipofungana, utepe mweupe. Atakayevunja sharti hatakula pilau."

Wote wakakubali. Lakini Bibi alisahau jambo moja: golikipa wa timu yetu ya mtaa alikuwa Kassim mwenyewe.

Kaka yangu alikuwa kijana mwenye adabu sana. Hata mpira ukija, aliupisha. Kila Jumapili nilirudi mbio na matokeo, na mama akaguna, akaongeza kuni chini ya sufuria ya rangi nyeusi.

"Mama, hata lile bao la mkono mtalisuka?" Kassim aliuliza siku moja, magoti yamechubuka.

"Refa alilikubali?"

"Alilikubali."

"Basi tunalisuka."

Mkeka ukazidi kuwa mweusi. Jirani mmoja akauliza kama ni wa harusi au wa matanga. Kassim akakosa usingizi, akaapa kwamba Mishi, mchumba wake, akiuona atamkataa. Mwishowe hata Bibi akamhurumia. Wakaufumua utepe wa siku tuliyofungwa mabao saba, wakausuka upya, mwekundu mtupu.

Siku hiyohiyo Mishi akaja. Akawaamkia wakubwa shikamoo, akaketi, akapitisha kidole juu ya mistari kama anayesoma, kwani habari za sharti la Bibi zilikwisha kumfikia. Alipofika kwenye ule wekundu, akasimamisha kidole.

"Mama, huu mkeka wa nani?"

"Wako, mwanangu."

"Mimi naolewa na Kassim," alisema kwa upole. "Huyu aliyeshinda siku hii simjui."

Uani kukalipuka vicheko. Bibi alicheka mpaka akashikilia mbavu. Kassim, aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango, alitoka akitazama vidole vyake vya miguu, na weusi ukarudishwa mahali pake.

Mkeka ule ulikuwa mweusi wenye michirizi michache myekundu ya rangi ya damu ya mzee, na wageni waliotoka Ukunda wakauliza fundi aliyeubuni ni nani. Sote tukamnyooshea kidole bwana harusi.

Kwa miaka mingi niliamini Mishi alikuja kumkejeli kaka yangu. Ilinibidi niolewe mwenyewe, nimwone mume wangu akirudi nyumbani ameshindwa, ndipo nikaelewa kwamba siku ile, mbele ya wanawake wote wa mtaa, Mishi alikuwa akimkubali kama alivyo.