Siku Ndege Yangu Ilipotua Kwenye Halwa ya Bi Shufaa

Wasomaji wenzangu, kwanza mnisamehe kwa mwandiko na kwa herufi zitakazokosewa, maana nilisoma shule ya msingi tu na mkono wangu huenda polepole, mpaka dada yangu Mapenzi akipita nyuma yangu huniuliza kama naandika au nachora. Pili mnisamehe kwa hadithi yenyewe, kwa sababu ni ya aibu, tena aibu iliyoshuhudiwa na watu waliovaa kanzu zao nzuri za Ijumaa, na mimi ni mtu ambaye hata chai ya hotelini siagizi, nangoja mwenye hoteli anitazame mwenyewe aone nina kiu.

Jina langu ni Kahindi. Nakaa Tudor kwa huyo dada yangu. Nilikuwa nikipakua magunia kwenye malori pale Makupa mpaka mgongo ukateguka, na ulipopona kidogo, dada akaniombea kazi kwa Fundi Bakari, mchongaji wa milango ya nakshi huku Mji wa Kale. Nilifagia, nikapiga msasa, nikachemsha gundi, na vipande vya mbao vilivyobaki nilivichonga viwe vitu vidogo vidogo, kwa sababu ukichonga hakuna anayekutaka uzungumze. Nilipapenda pale kuliko mahali popote nilipowahi kufanya kazi. Lakini milango ilipungua, na asubuhi moja Fundi akaniambia kwa upole kwamba kazi iliyopo haitoshi watu wawili, nianze kufikiria pengine pa kwenda. Nami sikuwa na pengine ila Makupa, kwenye magunia.

Hapo ndipo alipoingia Bi Shufaa. Yeye ana duka la vitu vya ukumbusho ubavuni mwa karakana yetu, mama wa makamo mwenye sauti inayofika mtaa wa pili bila kuinuliwa. Akaja na simu yake, akanionyesha picha ya ndege za zamani, zile zenye mabawa ya ghorofa, bawa juu na bawa chini na vijiti katikati.

"Kahindi, mwanangu, hizi waziweza? Ndogo ndogo, mgeni aweze kutia mkobani."

Nikatikisa kichwa kwamba naziweza (kutikisa kichwa ni rahisi kuliko kueleza).

"Basi zikitoka nzuri, lile kabati la kioo mbele ya duka ni lako, na kazi utakuwa nayo. Zisipotoka, hatujagombana."

Nilirudi nyumbani natembea kama niliyebeba yai.

Nikatafuta video kwenye simu ya dada. Nikampata mzee mmoja wa nchi za watu, lugha yake siijui lakini mikono yake niliielewa vizuri sana. Anayejenga ndege ndogo hawezi kushikilia mabawa kwa vidole mpaka gundi ikauke, kwa hivyo hutengeneza kalibu, yaani ubao bapa uliobandikwa mchoro wa bawa, na juu ya mchoro hupigilia vipande vya mbao ili ukilaza vijiti vyako humo visiende popote. Ukitoa bawa la kwanza unatia vijiti vya pili, na yote yanatoka sawasawa kama sahani za seti moja. Nilifurahi sana. Mzee akamaliza kalibu yake, akatoa bawa, akainama kuchukua ubao mwingine, na bando likaisha.

Dada akaniuliza, "Nikutilie jingine?"

Nikasema hapana, kilichobaki bila shaka ni kupaka rangi tu. Uamuzi wenyewe ulikuwa huo, wasomaji. Hayo mengine yote yalitoka hapo.

Sasa mjue kwamba kwa Fundi Bakari kila kitu huanza kulia. Karakana unaingia kwa mguu wa kulia, patasi unapokea kwa mkono wa kulia, na mlango wa nakshi wenye pande mbili unaanza na upande wa kulia, ule wanaouita dume, ukikamilika ndipo unaufuata wa jike. Ukianza kushoto hakugombezi, anakutazama tu, na kuliko mtazamo ule ni bora ugombezwe. Kwa hivyo nami nikatengeneza kalibu ya bawa la kulia, lenye ncha iliyopinda kwenda nyuma na lenye kunyanyuka kidogo kuelekea nje, nikaipiga msasa mpaka ikang'aa, na nikaanza kuzalisha. Kila bawa lililokauka nililivika karatasi nyembamba, nikaliweka rafuni chini ya kitambaa, na kila nilipoinua kitambaa kuyatazama nilijisikia tajiri. Viwiliwili nikaviacha mwisho.

Bi Shufaa akaalika watu waje Ijumaa baada ya Asri, kaka yake Mzee Nassor asome dua, kuwe na kahawa na halwa, na ndege zangu zionekane. Asubuhi ya siku hiyo nikaketi kuunganisha. Bawa la kulia juu, safi. La kulia chini, safi. Nikanyoosha mkono kuchukua la kushoto. Nikachukua la kulia. Nikaliweka, nikachukua lingine, nalo la kulia. Nikafunua kitambaa chote. Wasomaji, nilikuwa na mabawa ya kulia ya kutosha ndege za nchi nzima, na la kushoto hata moja hapakuwa.

Mtu mwenye akili angekwenda kwa Fundi, aliyekuwa ameketi hapo hapo karibu yangu anapuliza vumbi kwenye ua la mlango, akamwambia. Mimi nilitazama mgongo wa Fundi tu. Halafu nikayapindua mabawa juu chini nikayabandika kushoto. Ncha ilielekea nyuma kama inavyotakiwa, hilo lilifaa, lakini bawa la kulia lilinyanyuka na la kushoto likainama, na kila ndege ikawa kama kunguru aliyepigwa jiwe.

Bi Shufaa alipoziona akakunja uso kidogo. "Mbona zimelala upande?"

"Zinapiga kona, Bi."

"Zote?"

"Zote."

"Zaenda wapi?"

"Kilindini," nikasema, na mpaka leo sijui kwa nini Kilindini, kule kuna meli.

Akanitazama, akatazama ndege, akasema kwamba kabatini zitaonekana zimelala zaidi, na kwamba ndege mahali pake ni angani, kwa hivyo nizitundike kwa uzi kwenye boriti katikati ya duka. Katikati ya duka ndipo lilipo panka. Nililiona. Nikasema, "Sawa, Bi," nikachukua kigoda na uzi.

Basi watu wakaja. Duka likajaa wanaume wa mtaani, na mama wengine wakaketi upande wa ndani, na watoto wakajazana mlangoni. Sinia la halwa likawekwa mkekani mbele ya Mzee Nassor, linang'aa, na kahawa ikaanza kumiminwa. Fundi Bakari aliketi karibu naye kwa fahari kabisa, akiwaambia watu, "Ni kijana wangu huyu, hana maneno lakini mikono anayo." Mimi nilisimama nyuma, mgongo ukutani, nikiomba dua iwe ndefu.

Ikaisha. Watu wakaitikia amin. Bi Shufaa akajipepea kwa leso.

"Joto gani hili! Kahindi, washa panka."

Swichi ilikuwa nyuma ya bega langu (mahali nilipojificha ndipo palikuwa na swichi, hiyo ndiyo bahati yangu). Nikaiwasha nikitumaini litazunguka taratibu, lakini panka la Bi Shufaa ni la zamani, lina mwendo mmoja tu. Kwanza ndege zilitikisika vizuri, watu wakasema aah. Halafu zote kwa pamoja zikaanza kuzunguka upande mmoja, zote, kama watu wanaotafuta kitu kilichodondoka, nyuzi zikajisokota zikawa fupi, ndege zikapanda, zikafika juu zikatulia kidogo, kisha nyuzi zikaanza kujisokotoa na ndege zikarudi kwa kasi zinagongana.

"Zaruka!" watoto wakapiga kelele. "Zaruka kweli!"

Ningezima swichi. Mkono wangu ulikuwa karibu nayo kabisa. Badala yake nikapanda kigoda kuzikamata kwa mikono. Ya kwanza niliikamata, ya pili ikanipiga sikioni, uzi wa ya tatu ukanizunguka shingo, nikauvuta, msumari ukang'oka kwenye boriti, uzi ukakatika, na ndege ikaondoka. Iliondoka kweli, wasomaji, ikapita juu ya kofia za watu wote, Mzee Nassor akainamisha kichwa, na ikatua kwenye sinia la halwa kwa magurudumu yake, ikateleza kidogo, ikasimama mbele yake pua juu.

Mtu mmoja akazima panka. Mwingine akaweka kijikombe chake chini.

Mzee Nassor akainama, akaitazama ile ndege kwa makini, akasema, "Alhamdulillahi. Abiria wote wazima?"

Duka zima likalipuka kwa kicheko, mama mmoja mpaka akaegemea ukuta. Mimi nilikuwa bado juu ya kigoda na uzi shingoni, na ikanitoka sauti ambayo sikujua kama ninayo.

"Zote ni za kulia!"

"Nini za kulia?" akauliza Bi Shufaa.

"Mabawa, Bi! Kushoto sikutengeneza! Nimeyapindua tu, hazipigi kona, nimesema uongo, haziendi Kilindini!" Na machozi yakanitoka, mbele ya watu wote wale.

Fundi Bakari akainuka. Akaichomoa ndege kwenye halwa, akaipangusa kwa kidole, akageuza juu, akageuza chini, akapima bawa moja na jingine kwa jicho lake la milango. Mimi nilimtazama yeye lakini nilichokiona ni malori ya Makupa yamejipanga yananingoja. Mabega ya Fundi yakaanza kutikisika. Nikadhani ni hasira. Alikuwa anacheka mpaka hawezi kupumua.

"Bi Shufaa," akasema alipoweza, "usimlaumu huyu. Kila siku namfundisha kuanza kulia. Sikuwahi kumfundisha kumalizia kushoto."

"Basi nyinyi wawili mwafaana," Bi Shufaa akasema, naye amejifunika mdomo kwa leso. "Haya jamani, kuleni, upande huu wa halwa haukutuliwa."

Fundi alipotaka kuondoka na ile ndege, Mzee Nassor akamkatalia katakata. "Hiyo imetua kwangu, ni yangu." Akaiweka gotini na halwa yake magurudumuni, na akaenda nayo nyumbani hivyo hivyo.

Nilishuka nikataka kuponyoka kwa mlango wa nyuma. Bi Shufaa akanikuta pale, ameshika kijikombe cha kahawa, akanipa kwa mkono wake mwenyewe mbele ya wageni wake.

"Kunywa. Mabawa mazuri haya, nimeyashika. Kasoro ni moja tu. Kesho waja na mapema, kabati ni lako. Lakini nikikuuliza kitu, n'ambia kweli, sawa?"

Nikasema, "Sawa, Bi. Ahsante." Kahawa ile sikuihisi ladha yake, lakini naikumbuka kuliko chakula chochote.

Kesho yake Fundi alikuwa amefika karakanani kabla yangu. Alichukua mchoro wangu, akaupaka mafuta ya kupikia kwa pamba mpaka karatasi ikaonyesha upande wa pili, akaupindua juu ya ubao mpya, na pale pale bawa la kushoto likatokea. Kumbe ni hivyo tu. Nilichukua nyundo, na kwa mara ya kwanza katika karakana ile tukaanza na kushoto. Mabawa yale ya kulia hayakutupwa hata moja. Kila moja lilitafutiwa mwenzake, na ndege zikawa nyingi kuliko tulivyotarajia.

Sasa meza yangu iko kando ya lile kabati, mgongo hauniumi, na Makupa napapita tu nikienda kwetu. Kila siku nawashukuru watu wale walionicheka kwa moyo mweupe, maana wangeweza kunyamaza, na wangenyamaza ningekufa. Nimejiapia kwamba sitaanza kazi kabla ya kuiona mwisho wake, na nikikwama nitamuuliza aliye karibu yangu, hata sauti ikitetemeka.

Nawaomba mniandikie kupitia ukurasa huu. Kama kuna anayejua namna ya kuzuia karatasi ya mabawa isilegee kwa unyevu wa huku kwetu, anifundishe. Na kama yupo mwingine aliyewahi kufanya kazi nzima ya upande mmoja, awe fundi nguo, awe fundi viatu, tafadhali na yeye aseme, nisiwe peke yangu.