Rangi ya Haragi

Mwaka niliomaliza shule ya ualimu, kabla sijapewa darasa, baba yangu alinunua kamionete, gari dogo la mizigo. Ilifika kwetu Masisi haijapakwa rangi, imepigwa tu ile dawa ya kahawia ya kuzuia kutu, na seremala akaitengenezea sanduku la mbao nyuma. Mpango ulikuwa kununua maharagi kwa akina mama wa Bihambwe, kuyateremsha upande wa Walikale mpaka Buleusa, na kurudi na mawese. Ila kwanza gari lilihitaji rangi, na baba akaniachia mimi kazi hiyo.

"Weye njo mwenye ulisoma," alisema. "Chagua. Lakini sitaki bamama bakimbie gari yangu. Bakikimbia, tutapakia majani."

Hakuwa anatania. Siku hizo moteri ikisikika bondeni, watu waliingia migombani kwanza, wakauliza baadaye. Gari la kijivu lilikuwa la serikali, maana yake kodi na kazi ya barabara. La kijani lilitoka kwenye mashamba ya wazungu kutafuta vibarua. Jeupe lilileta sindano za chanjo. Kila rangi niliyoifikiria ilikuwa na mwenyewe tayari, na mwenyewe huyo hakupendwa. Nyekundu? Wangesema linakusanya watu wasiorudi. Nyeusi ilikuwa jeneza. Buluu ilinipendeza siku nzima, mpaka nikakumbuka wino wa mihuri ya kodi.

Niliacha kula. Mama, akichambua maharagi kwenye ungo, aliniona nimeinama.

"Mwanangu, iko gari, haiko bibi ya kuoa," akasema. "Na hata bibi habamuchagui hivi."

Lakini mimi nilikuwa nimeuona ungo. Maharagi yale yalikuwa ya rangi ya maziwa, yenye madoa mekundu yaliyoiva, karibu na zambarau. Wekundu ule ulikuwa mzuri, na sikuwahi kusikia mtu aliyekimbia haragi. Nikachukua moja, nikaenda nalo Mweso kwa fundi aliyekuwa akipaka milango na misalaba.

"Unataka hii?" akauliza, akiligeuza kiganjani.

"Hiyo hiyo."

"Gari yote?"

"Yote."

Akalitia haragi mfukoni. "Sawa. Iko mambo yako na Papa yako."

Mimi na baba tulipokwenda kuchukua gari tulilomwachia, nilisimama mlangoni pa uwanja wake nikashindwa kuingia. Kamionete ilikuwa ya rangi ya maziwa, na juu yake, kuanzia boneti mpaka sanduku la mbao, ilikuwa imejaa madoa mekundu, makubwa kwa madogo, yamepakwa kwa uvumilivu mkubwa. Mimi nilimaanisha rangi ya madoa tu. Fundi akaliweka lile haragi juu ya mlango wa gari ili tulinganishe. Alikuwa hajakosea kitu.

"Ilinitesa mukono," alisema kwa fahari, "lakini iko yenyewe."

Baba alilizunguka gari lote. Soko la Bihambwe lilikuwa kesho yake, na hapakuwa na nafasi ya kupaka upya. Akafungua mlango. "Ingia," akaniambia.

Kesho yake tulishika njia ya Bihambwe. Nilijiona tayari nikieleza nyumbani kwa nini magunia yamerudi matupu, kisha nikaeleza tena kwa maneno mengine, na maelezo yote mawili yalikuwa mabaya. Tulipopanda kilima cha mwisho, shambani palikuwa na majembe tu, yameachwa yamesimama udongoni. Watu hawakuwepo. Baba akasimamisha gari lakini hakuzima moto wa moteri, na mkono wake ulibaki kwenye gia. Nilijua anataka kugeuza.

Ndipo mtu akacheka migombani. Akafuata wa pili. Mama mmoja wa makamo akatoka na kikapu kichwani, akasimama mbali kidogo.

"Papa, hii gari yako iko na surua?"

"Haiko surua," mwenzake akamjibu kutoka nyuma ya mgomba. "Tazama muzuri. Iko haragi. Iko ile ya kwetu."

"Basi inakaa ku moto saa ngapi, mpaka iive?"

Baba akanielekeza kwa kidevu. "Kijana huyu njo mwenye alichagua. Mumuulize."

Wote wakanigeukia. "Itategemea kuni," nikasema.

Walicheka mpaka yule wa kwanza akashusha kikapu chini ili asikiangushe, na kikapu kikishashushwa, biashara imeanza. Wengine wakatoka, wengi kuliko nilivyodhani migomba ile inaweza kuwaficha.

Baba akazima moto. Katika ukimya ule nikasikia maharagi yakimiminika ndani ya gunia la kwanza, na njaa ya siku zote zile ikanishika kwa pamoja. Mama mmoja akanipa kiazi kitamu cha kuchemsha. Nilikila chote na maganda yake, nimeegemea mlango wenye madoa.