Mwalimu Millicent Apandisha Mtoto Kiwango

Kule Al Mansoura, mtaa wa Doha, kwenye flati ya ghorofa ya pili juu ya duka la fundi wa kanzu, karibu hakuna aliyemwita Millicent kwa jina lake. Mumewe Gerishon alimwita Mwalimu. Akina mama Wakenya aliokutana nao kwenye ibada ya kanisa siku ya Ijumaa walimwita Mwalimu. Hata Mnepali aliyelinda jengo alimwita Ticha, na Millicent alipenda, wacha nisikufiche. Kabla ya kumfuata mume Doha mwaka wa 2012, alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka tisa huko Kitale, na darasa lake ndilo lililoongoza zoni nzima. Mkaguzi akija shuleni alipelekwa kwa Millicent kwanza, halafu chai, halafu kwa wengine kama muda umebaki.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimpa mtoto mmoja tu wa kufundisha, tena wa kumzaa mwenyewe, unategemea nini?

Mtoto alikuwa Melissa, miaka sita, mapengo mawili mbele, mwingi wa maswali. Mwaka wa 2014 ulipofika wakati wa kuanza shule, nafasi hazikuwepo. Shule ambazo Gerishon angeweza kuzimudu kwa mshahara wa kusimamia madereva wa hoteli zilikuwa zimejaa, na kwenye orodha ya kungoja Melissa alikuwa wa sitini na kitu. Ndipo Hannah, mama wa watoto watatu aliyekaa Al Wakrah, mji wa jirani, akamtajia Millicent mtaala wa kusomea nyumbani. Vitabu vilitoka Nairobi, vikaja ndani ya masanduku ya watu wanaorudi kutoka likizo, huyu kabeba hisabati, yule kabeba Kiingereza katikati ya unga na majani chai. Havikupangwa kwa umri bali kwa viwango. Kabla ya kununua chochote, mtoto alifanya mtihani wa kupimwa nyumbani, mzazi akasimamia, akatuma majibu kwa barua pepe, na wenye vitabu wakamwambia mtoto aanzie wapi.

"Usimsaidie hata kidogo," Hannah alimwonya. "Akianguka, mwache aanguke. Ndiyo kazi ya huo mtihani."

"Hannah, jamani! Mimi ndiye unanifundisha mambo ya mitihani?"

Wakacheka wote wawili.

Jioni kabla ya mtihani akapiga simu Charity, dada yake Gerishon, kutoka Kitale. Charity alikuwa na binti, Olivia, aliyezaliwa wiki mbili baada ya Melissa, na hao wawili walikuwa wakilinganishwa tangu meno ya kwanza. Olivia, alisema Charity, amerushwa darasa la pili. Walimu wamekaa wakaona la kwanza linampotezea muda. "Na Meli wetu wa Uarabuni je? Ameanza shule ama bado anachezea mchanga?"

Ulikuwa utani tu wa wifi. Millicent alicheka na kumrudishia wa kwake, lakini neno lile lilimkaa kifuani usiku kucha.

Asubuhi akamketisha Melissa mezani, yeye akaketi ng'ambo, karatasi katikati. Mtihani wote ulikuwa wa kuchagua: swali moja, majibu manne, mtoto aweke kidole kwenye lililo sawa. Maswali ya mwanzo yalipita vizuri. Kwenye la sita Melissa akaweka kidole kwenye jibu la pili.

"Hebu angalia tena, mamangu," Millicent akasema.

Kidole kikahamia la tatu.

"Eeh!"

Baada ya hapo hakuhitaji hata kusema. Kidole kilitembea polepole juu ya majibu manne, na macho ya mtoto hayakuwa kwenye karatasi kamwe. Millicent aliona. Usiniambie hakuona, aliona vizuri sana. Lakini jibu halikutoka mdomoni mwake hata mara moja, na hilo ndilo alilojiambia alipokuwa akituma barua pepe, na hata angeapishwa mbele ya hakimu angeapa.

Jibu likarudi baada ya siku tatu: Melissa aanze kiwango cha tatu, ambacho kwa kawaida ni cha watoto wa miaka minane.

Ungemwona Gerishon wiki hiyo! Aliwaambia madereva, akawaambia wapishi wa hoteli, akamwambia muuza chapati wa mtaa wa Najma asiyejua hata ni mtoto yupi anayezungumziwa. Millicent yeye alijifanya mtulivu. Aliandika mstari mmoja kwenye kikundi cha WhatsApp cha akina mama wanaosomesha nyumbani: "Mungu ni mwema, Meli anaanzia cha tatu." Kisha akamtumia Charity barua yenyewe, nzima, nembo na yote.

Mwaka ukaenda. Kila asubuhi mama na mwana mezani, AC ikivuma, vitabu vimepangwa kama dukani. Melissa alipata kila kitu. Kurasa nzima zilijaa vema nyekundu. Kulikuwa na jambo moja tu dogo. Millicent akiinuka kwenda kugeuza ugali, kalamu ya Melissa ilisimama. Akirudi anamkuta mtoto ametulia, mikono mapajani.

"Mbona huandiki?"

"Nakungoja, mama."

Millicent aliamua kuita hiyo adabu. Aliwasimulia hata wenzake, kwamba mtoto wake hafanyi kitu bila mwalimu kuwepo. Wakamsifu. Na siku moja alipomkuta Melissa amekishika kitabu cha hadithi mbele ya kioo cha bafuni, akikitazama kitabu, akijitazama uso, akikitazama kitabu tena, alimwambia aache mchezo na anawe mikono. Moyo ulimdunda kidogo. Akaunyamazisha.

Kisha wenye vitabu wakaleta utaratibu mpya: mtihani wa kufunga mwaka usisimamiwe na mzazi wa mtoto. Akina mama wa Doha hawakuona shida. Walikubaliana kubadilishana watoto, wewe umpime wangu, mimi nimpime wako. Millicent akapangwa na Hannah.

Jumamosi moja ya Machi 2015 Gerishon aliwashusha Al Wakrah akaenda zake kunyolewa. Hannah alimpeleka Melissa kwenye meza ya jikoni, na Millicent akabaki sebuleni na Phoebe, binti wa Hannah, miaka minane, kiwango cha pili. Phoebe aliandika akafuta, akaandika akafuta, ulimi nje. Millicent alimtazama kwa huruma, na lazima nikuambie, huruma yenyewe ilikuwa tamu. Maskini Hannah, aliwaza, mtoto mkubwa hivi na bado yuko huko nyuma.

Phoebe bado hajamaliza, Hannah akatokea mlangoni.

"Njoo kidogo."

Jikoni Melissa hakuwepo. Alikuwa ametolewa kwenye baraza, anacheza na paka wa jirani. Karatasi ilikuwa mezani. Hannah aliufunga mlango, akajipangusa mikono iliyokuwa mikavu.

"Amepata matatu kati ya arobaini."

"Jana alikuwa na homa," Millicent akasema. Ilimtoka haraka hivyo, bila kupitia akilini.

"Nikafikiri ni woga. Nikamwekea kando huo mtihani, nikampa kile kitabu cha kwanza kabisa, ukurasa wa kwanza." Hannah aliinamisha kichwa. "Hawezi kusoma, Millicent."

Millicent, alisema. Hakusema Mwalimu.

"Anapitisha kidole halafu ananiangalia usoni. Mimi nimekaa tu, sijui anatafuta nini. Nikageuka kuosha vikombe nisimtishe, akaanza kulia. Akaniambia, Aunty, geuka, sioni."

Kuna aibu inayopiga ikapita, na kuna nyingine inayovua viatu ikaketi. Millicent alihisi shingo imeshika moto, na masikio yote mawili. Angepewa njia ya kuingia chini ya sinki na kufunga mlango angeingia. Kubwa zaidi, hakushangaa. Hilo ndilo lililomuumiza. Mtu husimuliwa jambo la kutisha hivi kuhusu mwanawe akashangaa, na yeye alikuwa akisikia kitu anachokijua.

"Nikitaka naweza kuandika kwamba aliugua," Hannah akasema polepole. "Arudie mwezi ujao. Hakuna atakayejua, mimi sina mdomo. Ni wewe tu useme."

Mwezi mzima! Kwa mwezi Millicent angeweza kumkaririsha mtoto kitabu kizima. Alijua jinsi, alishafanya hivyo na watoto arobaini na tano kwa mpigo siku za mkaguzi. Mdomo ulifunguka kusema ndiyo.

"Nitakupigia," akasema.

Kwenye gari Gerishon, kichwa kinang'aa, aliuliza mambo yalikwendaje.

"Vizuri."

"Baba," Melissa akasema kutoka nyuma, "Aunty Hannah hajui kufundisha. Uso wake hausemi kitu."

Gerishon akacheka. "Uso unasema nini, mamii?"

"Wa mama unasema. Akivuta pumzi hivi," na mtoto akavuta kwa pua, mabega juu kidogo, Millicent kabisa, "ujue si hapo. Akitulia, ni hapo. Ni rahisi, baba. Hata wewe nitakufundisha."

Kicheko cha Gerishon kiliishia njiani. Alimtazama mkewe, akarudisha macho barabarani, yakabaki huko hadi Al Mansoura. Angefoka ingekuwa afadhali. Millicent alishika mkoba wake kwa mikono miwili kama abiria asiyemjua dereva.

Nyumbani, mtoto alipokwenda kuvua viatu, Gerishon alisimama mlangoni pa jikoni.

"Mtihani ule wa kwanza?"

"Ndiyo."

"Wote?"

"Kuanzia la sita."

Akashusha pumzi. "Nimewaambia watu wangapi mimi, Milli? Haya. Wacha hao. Huyu mtoto amekaa mwaka mzima mezani anasoma nini?"

Jibu alikuwa nalo: mtoto amesoma uso wa mamake, siku mia mbili, kutwa. Alijifungia chumbani na simu. Aliandika ujumbe akaufuta mara nne. Wa kwanza ulisema Melissa amechoka na wanapunguza kasi. Wa pili ulitaja macho na miwani. Wa tatu ulilaumu mtaala, ati viwango vyake si sawa na vya nyumbani, na huo aliupenda sana, karibu autume. Wa tano ndio uliokwenda kwenye kikundi:

"Akina mama, mtihani wa kwanza wa Meli nilimsaidia. Hajui kusoma. Kosa ni langu, si la mtoto. Mwenye vitabu vya kiwango cha kwanza alivyomaliza navyo, naomba."

Vialama viwili vikageuka buluu. Dakika kumi nzima hakuna aliyeandika kitu, na Millicent aliketi kitandani akivitazama. Hatimaye Hannah akaandika: "Ninavyo. Nitawaleteeni kesho." Mwingine akaandika: "Pole sana Mwalimu." Alikuwa na nia njema. Millicent aliifunika simu kwenye godoro, akalia mpaka kamasi.

Akampigia Charity kabla ujasiri haujamtoka. Charity alicheka mwanzoni, akidhani ni utani mwingine, kisha akasikia anacheka peke yake. "Wewe, Milli," akasema. "Si ungeniambia tu ninyamaze na Olivia wangu?" Baada ya hapo mazungumzo yakawa magumu, wakaagana.

Vitabu vikaja. Vilikuwa na herufi kubwa kubwa na picha za kuku na ng'ombe, na Melissa alivifunua akasema ni vya watoto. Millicent alimweleza kwa maneno machache kwamba mama alikosea, akampandisha mahali ambapo hapakuwa pake, na sasa wanashuka pamoja. Mtoto akauliza kama Olivia ataambiwa.

"Ameshaambiwa."

Melissa akauma mdomo. Millicent aliona, na hakuwa na la kumfanyia.

Asubuhi waliketi mezani, na kabla kidole hakijafika popote, macho yale mawili yalikuwa tayari usoni pake, yanangoja. Millicent alijaribu kukaza uso. Mtoto akasoma hata huko kukaza. Basi akainuka, akageuza kiti, akaketi akiuangalia ukuta, mgongo kwa mwanawe.

"Mama, umekasirika?"

"Hapana."

"Sasa nitajuaje?"

"Soma tu, mamangu."

Kidole kikakwaruza karatasi. Kikasimama. Kikaenda tena. Dukani chini mashine ya kushona ilikimbia ikanyamaza.

"Ni hili la mwisho?" Sauti ilikuwa ndogo. "Mama, nimepata?"

Kila kitu mwilini mwa Millicent kilitaka kugeuka. Alishika kiti kwa chini. "Wewe unaonaje?"

Melissa alikaa kimya muda mrefu, mrefu kuliko alivyowahi kuachwa anyamaze mbele ya swali.

"Naona sijui," akasema.

Millicent alijipangusa uso kwa kiganja, bila kugeuka. Miaka tisa darasani na mmoja mezani, hakuna mtoto aliyewahi kumwambia sijui akabaki salama; huyu ndiye wa kwanza.