Simama Upewe Habari

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo hainitoki akilini, hata nikiwa nimekaa kwangu hapa mtaani Iftin, mlango umefungwa na chai iko mbele yangu. Nakuhadithia kwa sababu nimesikia wewe na wenzako mmeunda kikundi cha matembezi. Mnavaa fulana za rangi moja, mnakwenda porini siku za Jumamosi, mnapiga picha. Sikukatazi, maana siku hizi hata paka wangu sina nguvu ya kumkataza. Lakini kabla hujafunga kamba za viatu, keti hapa unisikilize, na hiyo simu igeuze uso chini.

Nilikuwa mwalimu kijana. Shule zilikuwa zimefungwa, na walimu wenzangu wawili wakaja na wazo la kwenda kusini, kule nyika ya Ijara inakokutana na msitu wa Boni. Huko kuna magofu ya msikiti wa kale, kuta za mawe na chokaa katikati ya vichaka, na makaburi yaliyojengewa nguzo. Nani aliujenga hakuna anayejua kwa hakika. Watu husema mji ule ulikuwa na waja wa Mungu, na biashara, na visima vyake, kabla babu wa babu zetu hawajafika upande huu na ngamia wao. Wakati huo njia ya huko ilikuwa na amani, mtu alikwenda akarudi bila kuulizwa neno. Tungetembea kwa miguu tangu alfajiri, tutazame wanyama, tusali adhuhuri penye mihirabu ya watu wa kale, pale alipokuwa akisimama imamu wao, tule, halafu turudi.

Mdogo wangu Rizak akasema naye anakuja. Huyu ndiye kaka yangu wa pekee, baba yetu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na harusi yake ilikuwa mwezi unaofuata. Alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi pale soko la mifugo, kijana mwepesi, mwenye mdomo, asiyeweza kukaa penye kiti mpaka kiti kipate joto. Mama alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Sahra, mtoto wangu huyo umrudishe." Nikamwambia mama, Rizak ana ndevu, si mtoto. Akanikazia macho tu.

Tulilala katika mji wa Masalani, na kulipopambazuka tukakutana na mwongozaji wetu, mzee Dubow, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini. Alikuwa na fimbo na panga, bunduki hakuna. Alitwambia masharti yake pale pale: tutembee kwa mstari, tusipige kelele, na yeye akisimama sote tusimame. Tulikubali kwa haraka, kama mnavyokubali nyinyi masharti ya kwenye simu bila kuyasoma.

Asubuhi ile ilikuwa nzuri, siwezi kuidhulumu. Tuliona twiga wakitutazama juu ya miti, na kundi dogo la wale swala wa kwetu wenye alama nyeupe kati ya macho, ambao Dubow alisema wamebaki wachache sana duniani. Jua lilikuwa bado la upole. Rizak alimtania kila mtu, akaniuliza kama viatu vyangu nimeazima kwa askari, nami nikacheka mpaka nikajikwaa.

Jua lilipoanza kukaza tukafika penye njia panda, na hapo palikuwa na mwanamke mzee amekaa kwenye kivuli cha mgunga, mbuzi wake wametawanyika. Jina lake, tulikuja kujua, ni Ebla. Dubow akasimama, akaegemea fimbo. Nasi tukasimama.

Sasa wewe umezaliwa mjini, kwa hiyo nikueleze. Kwetu watu wawili wakikutana porini hawapitani kwa salamu peke yake. Mmoja huuliza, "Ma nabad baa?", yaani, ni amani? Mwenzake hujibu, "Waa nabad," ni amani, hata kama nyumba yake inaungua. Halafu huambiwa, "Warran," toa habari. Ndipo habari hutolewa: mvua ilinyesha wapi, majani yakoje, kisima gani kina maji, nani amezaa, mifugo ya nani inaumwa. Zote hizo hutolewa polepole na kwa mpangilio. Na habari mbaya hubaki mwisho, kwa sababu si adabu kumrushia mtu ubaya usoni kabla moyo wake haujakaa sawa. Akimaliza, nawe unatoa zako. Huko nyikani hiyo ndiyo redio, ndiyo gazeti.

Rizak aliyajua yote hayo. Amelelewa nayo kama mimi. Lakini sokoni alikuwa amezoea habari za haraka, bei ngapi, lori linakuja lini, basi. Bi Ebla alipokuwa bado kwenye habari za mvua, nikamwona kaka yangu anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Akamwambia Dubow kwa sauti ndogo, akimwita ami kwa heshima, "Adeer, hizi habari zitatufikisha hapa mpaka alasiri. Magofu si hapo mbele tu?" Dubow hakumjibu, kwa kuwa mtu hakatizwi akitoa habari. Rizak akanikonyeza, akachukua chupa yake ya maji, akapotelea nyuma ya kichaka. Bi Ebla alimwona akienda. Alituambia baadaye kwamba alidhani kijana ameenda haja, akainamisha macho kwa heshima.

Habari zikaendelea. Majani, kisima, binti aliyejifungua salama. Nilikuwa nimeanza kuwaza chakula. Mwisho kabisa, kwa sauti ile ile, mama yule akasema, "Na mbele hapo msiende leo. Yule bibi wa njano amezalia ndani ya birika la msikiti, lile kavu walilokuwa wakitawadhia. Tangu juzi nazuia mbuzi upande huo."

Wachungaji wa kule hawapendi kumtaja simba kwa jina. Haikuhitajika anitajie. Niligeuka kumtafuta kaka yangu, na nyuma ya kile kichaka hapakuwa na mtu.

Nilifungua mdomo niite. Dubow akaniziba kwa kiganja chake, kigumu, chenye harufu ya tumbaku. "Ukimwita atakimbia kukujia," akaninong'oneza. "Na akikimbia, amekwisha." Mwanangu, hujui uzito wa jina la ndugu yako mpaka ulimeze.

Tulikwenda, Dubow mbele, Bi Ebla nyuma yake na goti lake bovu, mimi nikifuata. Walimu wenzangu waliachwa na mbuzi, na sidhani kama walilalamika. Nilijaribu kusoma Ayatul Kursi, aya niliyoihifadhi tangu utotoni, nikawa nafika katikati naanza upya, nafika katikati naanza upya. Kila kichuguu kilikuwa na masikio.

Karibu na ukuta wa kwanza palikuwa na mchanga laini. Dubow akachuchumaa, akaelekeza kwa kidole. Alama za viatu vya Rizak, vile vya michezo alivyovinunua kwa ajili ya harusi, zilikuwa zinaingia. Na juu ya mojawapo, ikiwa imebomoa ukingo wake, ilikuwa alama ya mguu wa mnyama, pana kama sahani ya chai. Nikaelewa bila kuambiwa. Rizak alikuwa ameingia wakati yule bibi wa njano hayupo, na mwenye watoto alikuwa amerudi nyuma yake.

Kisha tukaisikia ile sauti. Si kunguruma kama unavyosikia kwenye filamu. Ilikuwa chini, inatoka ardhini, niliisikia tumboni kabla ya masikioni. Kupitia mwanya wa ukuta tukamwona amelala mbele ya mlango wa msikiti, mkia unapiga vumbi, anatazama ndani. Ndani ndiko alikokuwa mtoto wa mama yangu. Nilifikiri, nitamwambia nini mama? Nilifikiri kuhusu shuka jeupe la sanda. Nakwambia kweli, niliwaza hata nani atamwarifu bibi harusi.

Dubow alishika panga, akaliachia, akalishika tena. Nikaona kwamba naye hajui. Ndipo Bi Ebla akamgusa bega, akasema polepole, "Njooni huku upande wa njia. Upande wa msitu mwachieni, asione tumemzunguka. Mimi nitampa kijana habari. Si aliziacha?"

Akasimama mahali pa wazi, mkono juu ya nguzo ya kaburi kupumzisha goti, akapaza sauti. Sauti ilikuwa kubwa ila haikuwa na haraka, ile ile aliyokuwa nayo chini ya mgunga.

"Wewe uliye ndani. Ma nabad baa?"

Simba akageuza kichwa. Macho yale yakatupitia mmoja mmoja, na yaliponifikia mimi nilijua maana ya kuwa nyama. Ndani ya magofu kulikuwa kimya.

Bi Ebla akarudia, kama mtu aliyekutana na mwenzake njiani na hana shida ya muda. "Ma nabad baa?"

Na kutoka ndani ya kuta zile ikaja sauti nyembamba, iliyopasuka, ambayo sikuijua kuwa ya kaka yangu mpaka ilipokwisha. "Waa nabad."

Machozi yakanitoka. Amani gani, Rizak?

"Basi pokea habari," akasema Bi Ebla. Akaanza. Mvua ilinyesha upande wa mashariki. Majani yapo, si mengi, yanatosha. Kisima cha karibu kina maji. Binti wa jirani amejifungua salama. Na katikati ya hayo, bila kubadilisha sauti, akaingiza: "Na hapo mlangoni pako kuna mama mwenzangu, ana watoto wachanga kwenye birika nyuma ya ukuta wako wa kushoto. Hana neno na mtu. Wewe kaa chini, mgongo kwenye mihirabu. Akiinuka, usiinuke. Akikutazama, tazama mchanga. Nami bado nina habari, kwa hiyo usiende popote." Akarudi kwenye mbuzi, yupi amezaa mapacha na yupi ana kikohozi.

Sijui ilichukua muda gani. Kwangu ilikuwa umri mzima. Jua lilinipiga kichwani, nzi walinitembea usoni, sikuthubutu kuwafukuza. Yule bibi wa njano aliinuka mara moja akapiga hatua kuelekea kwetu, na Bi Ebla hakurudi nyuma wala sauti yake haikupanda, ila niliona vidole vyake juu ya nguzo vimekuwa vyeupe. Alikuwa anaogopa, mwanangu, anaogopa kama mimi. Kisha simba akazunguka nyuma ya ukuta. Akatokea na mtoto mdomoni, akaingia upande wa msitu tuliomwachia. Akarudi, na hapo ndipo nilipotaka kufa kabisa, akachukua mwingine, akaenda. Mara hiyo hakurudi.

Bi Ebla aliendelea kutoa habari hata hivyo, mpaka Dubow alipoashiria kwa kichwa kwamba njia ni salama. Ndipo akamwambia, "Sasa toka, tembea kama mtu anayetoka kusali."

Rizak akatoka. Suruali yake ilikuwa imelowa na hakuna aliyeitazama. Alikuja mpaka mbele ya yule mama, akataka kumbusu mkono, akajikuta amekaa mchangani. Bi Ebla naye akakaa, akashusha pumzi ndefu, akasugua goti lake.

"Ungesubiri kidogo ningekuambia nikiwa nimekaa kivulini," akasema. "Umeniletea kazi ya kusimama juani, na goti lenyewe hili." Kisha akamtazama vizuri, na sauti yake ikalainika. "Haya, mimi nimemaliza zangu. Warran. Zamu yako."

Kaka yangu, mwenye mdomo kuliko soko zima, alijaribu kuanza. "Nabad," akasema. Akashindwa kuendelea. Akalia mbele yetu kama mtoto aliyepotea akaonekana, na yule mama akamngoja. Alimngoja mpaka akaweza, na habari zote alizotoa Rizak siku ile, harusi yake, mbuzi wake, mama yetu, alizisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

Harusi ilifanyika, alhamdulillahi, na watoto wake unawajua. Bi Ebla tulimwalika, hakuja. Alituma salamu kwamba mbuzi wanazaa.

Sasa nikuache na neno langu, kwa sababu nakuona umeanza kuangalia ile simu. Kinachonitisha mpaka leo ni kwamba ile habari ilikuwapo. Ilikuwa imekaa kando ya njia, kwenye mdomo wa mtu, inangoja zamu yake, na ndugu yangu akaipita kwa sababu ilianza na mvua. Watu wenye habari ya kukuokoa hawataianza kwa kukupigia tarumbeta. Wataanza na mbuzi. Mama yako ataanza na bei ya sukari. Mwenzako mwenye jambo zito moyoni atakuuliza kwanza umelalaje. Usiwaharakishe. Jumamosi mtakapokuwa porini na masikio yenu mmeyaziba kwa muziki, mkikuta mtu amekaa njiani, yazibueni. Msalimu. Muulize. Halafu nyamaza mpaka amalize, na wewe umpe zako, maana huenda naye ana mtu wake huko ulikotoka.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akutangulie njiani, na akufungie nyuma yako. Akukutanishe na watu wa kweli, na akupe subira ya kuwasikiliza wanapokawia. Miguu itakayokutoa mlangoni pangu ndiyo ikurudishe, na nikuulize kama ni amani, unijibu kwamba ni amani, na iwe kweli.