Kiguu na Njia Ndani ya Nyumba

Nyumbani waliniita kiguu na njia tangu utotoni, na sikuwahi kuliona kuwa ni tusi. Nikikaa mahali pamoja kwa muda, miguu inaniwasha. Kwa hiyo baba alipopata kiharusi, na ikabidi nishinde naye chumbani kila jioni, nilijiona nimefungwa mimi kuliko yeye.

Nilikuwa nimeshajiandikisha kwenye mashindano ya mkoa wa mbali. Unaogelea, unaendesha baiskeli, kisha unakimbia, vyote kwa siku moja, na masafa yenyewe ni yale ambayo mtu mwenye akili zake hupanda basi. Mazoezi yangu yalikuwa ya barabarani. Jumamosi niliteremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, nikaogelea ziwani nikipishana na mitumbwi ya wavuvi wa usipa, kisha nikaipanda milima kurudi huku waendesha bodaboda wakinipa pole. Siku za kazi, nikitoka kufundisha, nilielekea Kigonsera na kugeuza kabla ya giza. Kiharusi kilikomesha hayo yote. Mchana shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekaa naye. Nikirudi kutoka shuleni ilikuwa zamu yangu, na zamu haina barabara.

Nikamwendea fundi wa kuchomelea mjini, nikamchorea stendi ya chuma ya kuinua gurudumu la nyuma, yenye rola nzito chini yake ili miguu ipate kazi. Akaniuliza kama nimeacha ualimu nikaanza kunoa visu. Nilimwambia ndiyo, maana kueleza kungechukua muda mrefu kuliko kuchomelea.

Stendi niliiweka chumbani kwa baba, kati ya dirisha na kitanda. Nje mvua ilinyesha bila haya, ukungu ukashuka hadi kwenye mibuni, na mimi nikakanyaga pedali nikiutazama ukuta. Mtu aliyezoea milima hawezi kujua jinsi ukuta unavyochosha. Hakuna mteremko wa kupumzikia, hakuna upepo, hakuna mtoto wa kukupungia mkono. Jasho lilidondoka sakafuni mpaka nikatandika gunia. Nilibadili mkao, nikasimama juu ya pedali, nikakaa, nikafungua dirisha, nikalifunga. Nilihangaika kama kuku anayetaka kutaga, na sikusogea hata hatua moja.

Wageni walikuja kumwona mgonjwa, kama ilivyo desturi, na kila aliyeingia alinikuta juu ya kile kitu. Kwetu baiskeli zisizokwenda popote watu wameziona hospitalini tu, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, wanapopandishwa wagonjwa. Wakapiga hesabu yao wenyewe: baba ana kiharusi, na binti naye ana miguu. Pole nikawa napewa mimi kwanza. Mama mmoja kutoka Mpepai aliniletea uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, akanishika goti, akaniambia nisikate tamaa, hata mjomba wake alianza hivyo hivyo na sasa anatembea. Wanajumuiya waliposali rozari chumbani, waliiombea na miguu yangu. Nilimkonyeza shangazi awaeleze ukweli. Hakuwaeleza. Baadaye aliniambia kwamba uji ulikuwa mzuri, na sala haiozi. Baba alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, mara ya kwanza tangu aanguke.

Lakini kuna jambo lililonitia hasira, na sitalificha. Kila niliposimamisha pedali, baba aligonga ubao wa kitanda kwa mkono wake mzima. Nateremka, nampa maji, hataki. Namgeuza, anakunja uso. Namwekea chombo cha haja ndogo, anafumba macho. Wakati huo maneno yalikuwa bado yanamtoka kwa shida, yakiburutana, na mara nyingi aliyaacha njiani. Nikipanda tena baiskeli, anatulia. Nilidhani ananikomoa. Nilimlalamikia shangazi kwamba mchana kutwa hamgongei yeye, anangoja mimi nirudi nimechoka.

Shangazi alikuwa akichambua maharage. Alisema hamgongei kwa sababu yeye hanyamazi, anaongea toka asubuhi, hata na kuku. Kisha akanikumbusha mahali baba alipoangukia. Alianguka peke yake shambani, chini ya mibuni, asubuhi, na alipatikana jua likiwa linazama. Kutwa nzima alilala akiwa na akili zake, akisikiliza kama kuna mtu anakuja, na hakusikia mtu. Tangu hapo hawezi ukimya.

Basi nikawa najua. Mashindano yalikuwa yamekaribia, na kwenda na kurudi kungekula karibu wiki nzima. Nilitaka kwenda, tena sana. Na nikiwaza nitakwenda, nilimwona baba usiku akigonga ubao. Vipi akifa niko njiani? Swali hilo nilipanda nalo baiskeli na kushuka nalo.

Ukoo wetu bado unashika sengu. Jumapili watu wanakuja na chakula kwa mkubwa wa ukoo, wanakula pamoja, kisha mambo ya watu yanazungumzwa hadharani. Mkubwa ni baba, kwa hiyo tulimtoa nje, tukamkalisha uani kwenye kiti, tukamzungushia blanketi, nami nikakaa kwenye mkeka pembeni yake nikiwa nimemshika ule mkono mzima. Baada ya ugali, maharage na usipa, baba mdogo, mdogo wake wa mwisho, akaliweka suala langu mbele ya watu.

Nilikuwa na siri moja. Nilitaka wanikatalie. Sengu ikisema usiende, huendi, na lawama inabaki kwa ukoo. Ningewanunia wote hadi Krismasi, nikalala usingizi. Nilikuwa nimeshaanza kuiandaa sura ya kununa.

Hawakunikatalia. Baba mdogo alisema sote tunajua huyu hakai, na mtu wa namna hiyo ukimfunga anauguza vibaya. Akapanga zamu papo hapo: yeye usiku, mkewe alfajiri, shangazi mchana kama kawaida. Akaongeza kwamba asiye na hadithi asije zamu, kwani humo ndani ni kuongea tu. Watu wakacheka, wakakubali. Nilikasirika. Mzigo niliotaka kuwatwika wao walinirudishia, tena wameufunga vizuri.

Ndipo nikasema siendi. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Nilisema baba anaogopa, kila mtu hapa anajua anaogopa, na mtoto gani anamwacha mzazi wake na hofu akaenda kukimbia barabarani na watu asiowajua. Nilisema maneno mengi. Wakati nayasema nilijisikia mwema, na miguu ilikuwa ikiniwasha.

Baba akakohoa. Uani pakanyamaza, hata watoto. Ule ukimya nikauogopa mimi kwa niaba yake, nikambana mkono. Yeye alichukua muda wake. Alilamba midomo, akaanza, akakwama, akaanza tena.

"Mimi sijasema usiende," alisema.

Nikamwambia, "Lakini unaogopa, baba."

"Naogopa." Akapumzika. Shangazi alitaka kumsaidia neno, baba akamzuia kwa kutikisa kichwa. "Woga ni wangu, mama. Niachie."

Machozi yalinitoka mbele ya wajomba na mashemeji, na sikuyafuta. Alikuwa amelala kutwa nzima chini ya mibuni na woga huo, akatoka nao mzima, na mimi nilikuwa nikiuvaa ili nipate sababu ya kutokwenda. Baba mdogo akainama akachezea kijiti. Shangazi akasema watu wamalizie usipa uliobaki, unapoa.

Baba akauchomoa mkono wake kutoka mkononi mwangu, taratibu, kidole kwa kidole, akauweka juu ya goti lake mwenyewe.