Tope Jeusi la Mfereji

Jumamosi iliyopita, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, fundi mmoja alimwaga ndoo ya maji mbele yangu, na maji yakapotea. Nilikuwa nimepanda kutoka Lemara, mjini, hadi kijijini kwetu mlimani, juu ya Usa River, kuona mfereji wetu wa zamani ukijengewa saruji. Fundi alitaka tu kulowesha udongo kabla ya kumwaga zege. Kabla shikamoo haijajibiwa marahaba, chini pakawa pakavu.

"Mama, udongo huu unakunywa kuliko shemeji yangu," akasema. Wenzake wakacheka. Mimi niliomba ndoo ya pili.

Kama ulikulia kwenye mlima huu, unaujua mfereji wa namna hiyo. Wetu ulitoka mtoni, ukapita nyuma ya kanisa, ukashuka shamba kwa shamba chini ya migomba. Tulilala tukiusikia na kuamka tukiusikia. Bibi yangu alisema nyumba isiyosikia maji ni sawa na nyumba yenye mgonjwa. Shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa. Juu yetu aliishi mjane tuliyemwita bibi wa juu. Wawili hao waliazimana chumvi, makaa ya moto, hata kanga ya kuendea msibani. Jioni walichambua maharage pamoja na kuwasema wanakwaya, mmoja mmoja, kwa sauti zao zote.

Mwaka wa ukame, nikiwa bado mtoto, mto ulipungua. Mzee wa mfereji, aliyegawa maji, akapunguza zamu: kila nyumba saa mbili tu, mara moja kwa siku tisa. Bibi alikuwa na miche ya kahawa kitaluni, ya kupanda mahali pa mibuni iliyochoka. Alisema miche ile ikifa, yeye hana tena umri wa kuanza upya.

Mfereji ulipokauka kabisa kwa siku kadhaa, mwalimu wetu, ambaye naye alikuwa na shamba, akatoa wazo kikaoni: tuusafishe mpaka chini, maji yapate njia nzuri, yafike haraka. Wazo likapendwa. Kila nyumba ikaleta jembe. Tukakwangua tope jeusi la miaka mingi, zito, lenye harufu ya majani yaliyooza, mpaka majembe yakagonga zile kokoto nyepesi za mlima zinazoelea ukizitupa majini. Tope lilikuwa mbolea ya bure, na bibi alibeba kuliko wote. Nilimhesabia: ndoo thelathini na moja, nne zikiwa zangu. Tukalirundika kuzunguka kitalu.

"Mwenzangu, utauhamishia mfereji wote kwako," bibi wa juu akamtania. "Sisi tuteke wapi?"

Siku ya zamu yetu niliketi ukingoni na saa ya mezani. Maji yalipaswa kufika saa mbili. Saa mbili na nusu, kimya. Saa tatu, ulimi mwembamba wa maji wenye povu na majani makavu ulifika kwa bibi wa juu, ukasimama, ukazama. Nilidhani saa imeharibika. Nikakimbia hadi kwenye banio, pale mfereji unapochota maji mtoni: maji yanaingia vizuri. Nikashuka: hakuna. Nikapanda tena kama mjinga. Yanaingia, hayatoki, na njiani sikuona yanakoishia.

Wazee wakaja. Wakaikuta migomba ya bibi wa juu, iliyo chini ya ukingo, imelowa mashinani, tope bichi kabisa.

"Mfereji hauna mdomo," akasema mzee wa mfereji, "lakini haudanganyi."

"Mzee wangu, sijafungua ukingo," bibi wa juu akajibu. "Tafuteni tundu. Hata mimi sijui haya yametoka wapi."

Wakatafuta, wasilione. Wakasema ameziba kwa ustadi.

"Ungeniomba, ningekupa," bibi yangu akamwambia.

"Nikuibie wewe? Nikikuibia wewe, chumvi nitaomba kwa nani?"



Kwetu faini ya maji ilikuwa mbuzi. Alichinjwa kwenye banio, wenye mfereji wote wakala, na aliyetozwa akala nao. Hapo kosa lilihesabiwa limekwisha. Bibi wa juu alimleta mbuzi wake wa pekee akimvuta kwa kamba ya mgomba. Aliketi nasi mpaka mwisho, lakini mkono hakuunyoosha. Mimi nilipewa kipande cha ini. Kilikuwa kitamu, nikakila chote.

Zamu iliyofuata, maji yalizama palepale. Wengine walisema mlima umekasirika. Wengine, kwamba sasa anaiba kwa hasira. Habari ya mbuzi hakuna aliyeigusa. Miche ya bibi ilikufa katikati ya lile tope, nalo limepasuka kama kisigino. Makaa hayakuombwa tena. Mwaka haukuisha, bibi wa juu akahamia kwa mwanawe, akafia huko.

Niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea. Katika kitabu cha kilimo nilichokinunua kikuukuu Ngarenaro, nilisoma kwamba tope la chini ndilo linaloziba mchanga na kushika maji. Tulilikwangua wenyewe. Maji yalipenya chini, yakatokea kwenye shamba lililo chini kidogo ya ukingo, la bibi wa juu.

Jumamosi nilisiliba tope mahali padogo, nikamimina ile ndoo ya pili. Maji yakatulia, yakaonyesha anga.

"Mama, unatafuta nini hasa?" fundi akauliza. Nikamrudishia ndoo yake.

Kuna jambo ambalo kitabu hakikunisaidia. Mwaka mmoja baada ya jirani kuhama, nilimkuta bibi asubuhi akibeba lile tope kulirudisha mferejini, ndoo baada ya ndoo, peke yake. Nilimuuliza anafanya nini. "Nasafisha shamba," akasema, asinitazame. Je, alijua? Kama alijua, mbona hakwenda kumfuata mwenzake? Nimeligeuza swali hilo miaka mingi, na kila upande linaniuma tofauti.

Sasa saruji imefika kwenye mpaka wa shamba letu. Maji yatapita haraka, bila sauti, na mafundi wanasema hata tone halitapotea. Wale bibi wawili hawapo, mzee wa mfereji hayupo, na zamu zitagawiwa kwa koki yenye kufuli. Mbuzi kama yule wa bibi wa juu, mnadani siku hizo, aliuzwa shilingi elfu nane. Hakuna aliyezirudisha.