Dawa Nayo Ina Ukoo

Nakumbuka sahani moja, mwanangu, na siku yake naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Ilikuwa sahani ya Bi Zuhura, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta hapa Mji wa Kale, yenye ua la buluu katikati. Sisi hapa sahani ya jirani hairudi tupu. Akikuletea mbaazi, utamrudishia walau kaimati.

Wiki hiyo alikuwa akimwoza bintiye, Rukia. Nyumba imejaa wageni, naye koo lamuuma hata sauti haitoki. Pamoja na hayo aliniletea mahamri. Mimi nilikuwa nimeng'oa jino, nikaandikiwa vidonge vya amoksilini vya siku saba. Maumivu yalipoisha siku ya tatu niliacha kumeza, vilivyobaki nikaviweka kabatini, nikajiona mwenye akiba. Basi nikaviweka juu ya ua lile la buluu, nikampelekea.

Alivitazama kwa wasiwasi. "Mie penisilini hainipendi, mwanangu. Nilidungwa utotoni, nikatoka vipele mwili mzima."

"Hiyo ni sindano, bibi. Hivi ni vidonge, tena jina lake jengine."

Nilikuwa kijana, nimesoma kidogo, na ubaya wa kusoma kidogo ni kuwa hujui ulipoishia. Akameza kimoja mbele yangu, akaniombea dua. Hatujamaliza kukunja nguo za biarusi, midomo ikamfura, macho yakafumba, pumzi ikawa haiingii. Gari halifiki kichochoroni kwetu. Wanaume walimbeba juu ya kiti mpaka barabarani.

Hospitali daktari akauliza, "Amekula nini? Amemeza dawa gani?" Nilinyamaza, mwanangu. Niliona haya mbele ya watu. Alipouliza mara ya pili ndipo nikasema. Bi Zuhura hakurudi nyumbani ila kuja kuoshwa. Sijui kama alikufa kwa kidonge changu au kwa kimya changu, na kutojua huko nimezeeka nako.

Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, alinikuta nalia kwenye ngazi. Hakunibembeleza. "Nyinyi watu wa mjini, mtu akija kuposa mwauliza ukoo wake mpaka babu wa saba. Dawa mbona hamuiulizi? Amoksilini na penisilini ni damu moja."

Majuto ni mjukuu, lakini tangu siku ile nauliza. Penisilini ina watoto wengi wenye majina mbalimbali, na sefaleksini ni binamu yao. Aliyedhuriwa na mmoja, amwambie daktari kabla hajapewa mwengine. Hata dawa za koo nyingine za kuua vijidudu zina madhara yake: doksisaiklini mja mzito asijimezee, na mtoto mdogo vilevile, kwani huweza kutia meno yake rangi isiyotoka. Siprofloksasini yaweza kuumiza kano za miguu, hasa zetu sisi wazee. Metronidazoli huacha ladha ya chuma mdomoni na kichefuchefu. Na mafua hayamsikii hata mmoja wao, kwa hivyo usikimbilie duka la dawa kila upigapo chafya. Vijidudu vikizizoea dawa hizi, siku ya haja hazitakusaidia.

Arubaini ilipopita nilimweleza Rukia yote. Alihamia mtaa wa Tudor kwa mumewe, akakaa mwaka mzima hapiti mlangoni pangu, nami sikumlaumu. Ramadhani ilipokuja nikasikia hodi. Ilikuwa ile sahani, imefunikwa kawa, ndani mahamri.

"Mamangu angetaka nilete," alisema, akaenda zake bila kuketi.

Nililia mpaka mahamri yakapoa. Siku hizi yuaketi, twanywa chai, nami sahani yake humrudishia na chakula.

Mwanangu, gawa mkate wako, gawa na mchuzi wako, lakini dawa uliyoandikiwa wewe usimpe mtu, hata umpende vipi. Imeze kama ulivyoandikiwa, na ikibaki irudishe kwa mwenye duka la dawa. Mwili wako ukikataa dawa, lishike jina lake kama ulishikavyo jina la babako. Na daktari akikuuliza, sema mara ya kwanza. Kuona haya huisha, mwanangu, aliyekufa harudi.

Mungu akukinge na wema usiouliza. Na ukimkosea jirani, akujaalie awe na moyo wa kukuletea sahani.